Meseji za chama zimefutwa kwenye tableti, na kikao ni Jumapili

Salaam aleikum Ami,

Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama huku Mtongwe, ng'ambo ya feri. Tuko wanawake 16. Kila mmoja atoa shilingi 1,500 kwa mwezi: 1,300 ni za mzunguko na 200 zaingia mfuko wa misiba. Pesa zote hutumwa kwa M-PESA kwenye laini niliyoisajili kwa kitambulisho changu. Laini hiyo nimeitia kwenye tableti ya Samsung tuliyonunua kwa pesa za chama, kwa sababu skrini yake ni kubwa na tukikaa kikao kila mtu aona kwa macho yake nani katuma na nani bado. Daftari tulikuwa nalo, lakini mwaka huu tuliliacha. Tulisema meseji zatosha, hakuna wa kuzibishia.

Wiki iliyopita mwana wa dada yangu aliniomba tableti afanye kazi ya shule. Ikamwambia memori imejaa. Akaanza kufuta: video, picha, kisha akaingia kwenye meseji, akachagua zote, akafuta. Aliponirudishia hakusema neno. Nilijua usiku, nilipotaka kumjibu mwanachama mmoja nikakuta ukurasa mtupu, hakuna hata zungumzo moja. Ami, tumbo lilinikata. Kijana alilia aliponiona, nami sikuwa na la kumwambia.

Ingekuwa kipindi cha amani ningevumilia, lakini tayari tulikuwa na maneno. Mama mmoja asema alinitumia za Mei na Juni pamoja, na mimi nakumbuka meseji yake moja tu. Wengine wawili walibadilishana zamu mwezi wa Julai. Mmoja alikuwa na arusi ya bintiye, akaomba achukue mwanzo, na mwenzake akakubali kwa meseji aliyoniandikia mimi. Sasa yule aliyekubali asema hakukubali, zamu yake imeliwa. Na kuna minong'ono kuwa meseji nimezifuta mimi mwenyewe kusudi, ili mfuko wa misiba usihesabike.

Nilivuka feri nikaenda mjini kwa fundi wa simu. Aliniambia atazirudisha zote kwa shilingi 4,500, nimwachie tableti siku mbili pamoja na pini yake, na pini ya M-PESA "ya kujaribia". Nikaogopa, nikarudi nayo. Nimepakua programu mbili za kurudisha meseji: moja yaleta picha za zamani tu, nyingine yataka nilipe kwa dola ndipo ionyeshe. Mwanangu mkubwa asema niirudishe tableti kama ilivyotoka dukani, meseji zitashuka zenyewe kutoka Google.

Kikao ni Jumapili baada ya alasiri. Nimeshika pesa za wenzangu kwa miaka na hakuna aliyewahi kuniambia nipe hesabu yangu. Nifanye nini?

Mweka hazina, Mtongwe

*

Waaleikum salaam mwanangu,

Usiirudishe tableti kama ilivyotoka dukani. Mwambie mwanao hivyo leo, kabla hajaamua kukusaidia ukiwa umelala. Nitakueleza kwa nini, lakini hilo lije kwanza kwa sababu likishafanyika halina dawa.

La pili, toa laini ndani ya tableti sasa hivi, uitie kwenye simu ya kawaida, hata ile ndogo ya vitufe. Kisha zima waifai ya tableti na uiweke kando. Laini utaihitaji kwenye simu, na tableti yahitaji kupumzika. Kila meseji mpya inayoingia, kila programu unayopakua, huandikwa mahali fulani, na huenda mahali penyewe ndipo palipokuwa na zile za zamani.

Sasa tuongee kuhusu pesa, kwa maana naona ndizo zinazokunyima usingizi. Kumbukumbu ya pesa zenu haikufutwa. Kijana alifuta taarifa za kwamba pesa zimeingia. Muamala wenyewe umeandikwa kwenye akaunti ya M-PESA ya laini ile, na kijana hawezi kuufikia hata angetaka. Piga *334# kwenye hiyo simu, ingia kwenye akaunti yako, uombe stetimenti kuanzia Januari mpaka leo. Itatumwa kwa barua pepe, ikiwa PDF iliyofungwa, na namba ya kuifungulia itakuja kwa meseji kwenye laini hiyohiyo. Hiyo ni sababu nyingine ya laini kuwa kwenye simu iliyo mkononi mwako. Programu ya M-PESA nayo hutoa stetimenti hiyohiyo. Ukishindwa, nenda na kitambulisho kwenye duka la Safaricom. Umesema laini imesajiliwa kwa jina lako, na hapo umebarikiwa, kwa sababu vyama vingi hutumia laini ya mume wa mtu au ya mwanachama aliyeshahama, na siku kama hii ndipo wanapoanza kumtafuta.

Ukiifungua utaona mistari. Kila mstari una namba ya risiti, tarehe na saa, maelezo ya nani katuma au katumiwa, pesa zilizoingia, zilizotoka, na salio. Iangalie sana ile namba ya risiti. Ni herufi na tarakimu 10, na ndiyo ileile inayoanza meseji ya M-PESA kwa aliyetuma na kwa aliyepokea. Maana yake ni kwamba kila shilingi 1,500 iliyoingia kwako ina pacha wake kwenye simu ya mwanachama, yenye namba moja na yako. Wewe umepoteza upande wako, wao upande wao wanao.

Mchukue mama wa Mei na Juni. Wewe wakumbuka meseji moja. Huenda kweli ilikuwa moja, ya shilingi 3,000. Mwombe aangalie simu yake, akupe namba ya risiti, nawe uitafute kwenye stetimenti. Ikiwapo, kiasi kitasomeka na hakuna la kubishana. Na kama yeye naye ameshazifuta zake, aombe stetimenti ya laini yake kwa njia ileile. Lifanyeni hili kabla ya kikao, nyinyi wawili, kwa upole, ili asije akaumbuka mbele ya watu, wala wewe.

Mfuko wa misiba ndio ningeushughulikia kwa makini kuliko yote, maana pesa za maiti zikitiwa shaka, chama hakidumu. Wanachama 16 kwa shilingi 200 ni 3,200 kwa mwezi. Kuanzia Januari hadi Agosti ni miezi 8, yaani 25,600 zilizopaswa kuingia. Stetimenti itaonyesha kila pesa iliyotoka kwenda kwa mfiwa, tarehe yake na jina. Mzunguko nao utaonekana wenyewe, kwa sababu kila mwezi kuna 20,800 zilizoondoka kwenda kwa mtu mmoja. Chukua kalamu, uandike pembeni ya kila mstari: hii mzunguko, hii msiba, hii faini. Lakini andika kwenye karatasi uliyoichapa. PDF yenyewe iache kama ilivyokuja, pamoja na ile barua pepe iliyoileta. Mambo yakifika kwa mzee wa mtaa haitakuwa na neno, ila yakifika kortini, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinadai hati ya kuthibitisha jinsi rekodi ya kielektroniki ilivyopatikana, na ni vizuri uwe na kitu ambacho hakijaguswa.

Zamu iliyobadilishwa ni jambo jingine. Stetimenti itasema Julai pesa zilikwenda kwa mama wa arusi. Haitasema kwamba mwenzake aliridhia. Hilo lilikuwa kwenye meseji ya kawaida, na kampuni ya simu usiitarajie ikupe maneno yaliyokuwamo. Kwao hubaki kumbukumbu kwamba nambari fulani ilituma ujumbe kwa nambari fulani saa fulani. Ujumbe wenyewe ukishafika kwako, kazi yao nao imekwisha.

Lakini aliyeandika ana nakala. Meseji aliyokutumia imo kwenye simu yake, upande wa zilizotumwa, isipokuwa awe ameifuta. Mfuate nyumbani peke yako. Usiende na mwenyekiti, usiende na mtu wa kushuhudia. Mwambie: dada, meseji zangu zimepotea, nisaidie uangalie tuliyoandikiana mwezi wa Julai. Watu husahau walichokubali wakiwa na shughuli, na akiisoma mwenyewe huenda neno likaisha palepale. Akikataa, mwache. Atakayependekeza simu yake ichukuliwe ifunguliwe kwa nguvu mzuie, kwa sababu kuingia kwenye kifaa cha mtu bila ruhusa ni kosa chini ya sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018, na itakuwa nyinyi ndio mlio na kesi. Mama wa arusi naye yupo. Aliyeomba kubadilishana ni yeye, basi asimame kikaoni aseme aliomba nini na alijibiwa nini. Na kama meseji haipatikani kabisa, mimi ningewashauri wanachama wampe mlalamikaji zamu inayofuata. Hakuna anayepoteza hata shilingi, ni mpangilio tu.

Haya, tableti. Kuna milango michache ambayo fundi wako hakukuonyesha, na yote ni ya bure.

Tableti nyingi za Samsung zilikuja na programu ya meseji ya Samsung yenyewe, yenye ndoo ya taka inayoshikilia kilichofutwa kwa siku 30. Fungua meseji, bonyeza nukta tatu za juu pembeni, uone kama kuna ndoo hiyo. Kijana amefuta wiki iliyopita, muda bado upo. Kama meseji zako zaja kwa programu ya Google, tazama kwenye zilizohifadhiwa kando. Ukiyashika mazungumzo kwa pamoja, alama ya kuhifadhi kando na alama ya kufuta huwa jirani kabisa pale juu, na mtoto mwenye haraka aweza kubonyeza moja akidhani ni nyingine. Nimeona zaidi ya mtu mmoja akilia kwa meseji ambazo zilikuwa zimejificha humo tu, zote.

Kama mna akaunti ya Samsung kwenye hiyo tableti, ingia kwenye setingi, sehemu ya akaunti na nakala za akiba, uone kama meseji ziliwahi kuwekwa huko na ni za tarehe gani. Hizo hurudishwa bila kufuta tableti.

Ya Google ndiyo yenye mtego, na hapa ndipo mwanao alipokosea ingawa nia yake ni njema. Nakala ya Google hujifanya yenyewe kifaa kikiwa kwenye chaji, kimetulia, na kina waifai. Haikusanyi meseji za miaka zikae humo. Huchukua hali ya kifaa ilivyo siku hiyo, na ile mpya hukaa mahali pa ya jana. Kama tableti ilipata waifai baada ya kijana kufuta, nakala ya leo ni nakala ya ukurasa mtupu. Ukiirudisha kama ilivyotoka dukani utakuwa umefuta kila kitu ili ushushiwe utupu.

Ila wewe waishi kwa bando, kama wengi wetu, na nakala hizi kwa kawaida hungoja waifai. Basi huenda ya mwisho ilifanyika kabla ya mkasa. Jua tarehe yake. Chukua simu nyingine ya Android, iingie kwa akaunti ileile ya Google iliyo kwenye tableti, fungua Google Drive, tafuta sehemu ya nakala za akiba. Utaona jina la tableti na siku iliyohifadhiwa mara ya mwisho. Ikiwa siku hiyo ni kabla ya kufutwa, mshukuru Mungu na usiguse kitu. Tableti isionje waifai. Wala usiende kwenye setingi kuzima huduma ya nakala ukidhani waikinga, maana kuizima kwaweza kuifuta ile iliyopo. Tafuta simu au tableti nyingine iliyo mpya, au ambayo mwenyewe yuko radhi kuianzisha upya, yenye Android isiyo ya zamani kuliko ya kwenu, uiwashe kwa akaunti hiyo na ukubali kurudisha nakala. Meseji zitashuka huko, na tableti yenu itabaki ilivyo. Lifanye mapema. Kifaa kisipotumika siku 57, Google huiondoa nakala yake.

Milango hiyo ikiwa imefungwa, basi meseji zile zichukulie kuwa zimekwenda, na nisikilize kuhusu fundi. Meseji zote za Android zimo ndani ya faili moja ya hifadhidata. Ukifuta, mfumo hauzipangusi mara moja, huandika tu kwamba nafasi hiyo i wazi. Ni kama mpangaji aliyefutwa jina kwenye kitabu cha mwenye nyumba ilhali vyombo vyake vingali ndani, mpaka mpangaji mpya aje avitoe nje. Hapo ndipo mafundi wanapopata maneno ya kusema. Zamani, kwenye simu za Android za mwanzo, ilikuwa kweli: mtu alifungua mfumo, akaisoma ile faili, akaokota yaliyobaki. Vifaa vya miaka hii hufunga data yake kwa usimbaji, yaani huigeuza isisomeke bila ufunguo, programu ya kawaida hairuhusiwi kuisoma faili hiyo ya meseji, na kuufungua mfumo ili mtu aingie kwa nguvu hufuta kila kitu kama ulinzi. Ndiyo maana programu ile uliyopakua yakuletea picha tu. Picha zina mahali pengine pa kukaa, na vijipicha vyake vidogo hubaki. Ile nyingine inayotaka dola nadhani haina cha kukuonyesha. Zitoe zote mbili leo. Programu yenye ruhusa ya kusoma meseji yaweza kuziona za M-PESA na namba za kuthibitisha za benki, nawe umeipa ufunguo huo bila kumjua mwenye nayo.

Na pini ya M-PESA! Hakuna kazi yoyote ya kurudisha meseji inayohitaji pini ya M-PESA. Hakuna. Ulipogeuka ukarudi na tableti yako kwapani, uliziokoa pesa za wanawake 16, na ningependa walijue hilo hata kama wewe wataka kunyamaza. Kama pini hiyo uliitaja mbele yake hata kwa bahati mbaya, ibadilishe kabla hujalala.

Wasomaji wenye iPad, kwenu ni rahisi kidogo: tangu iPadOS 16, programu ya meseji ina sehemu ya zilizofutwa karibuni, na hukaa humo siku 30, wakati mwingine hadi 40. Zile za kawaida za simu huwafikia kupitia iPhone tu, kwa hiyo angalieni na huko.

Sasa kikao. Usingoje Jumapili. Mpigie mwenyekiti leo umwambie yaliyotokea kama ulivyoniandikia mimi, na kijana umtaje, ila usimlete kikaoni. Kusimamishwa mbele ya mama zake 16 ni adhabu iliyozidi kosa. Memori ilijaa kwa sababu tableti ya chama ilitumika kwa kila kitu, na hilo ni letu wakubwa. Mwenyekiti akishajua, tuma ujumbe mmoja kwa wote: meseji zimefutika, stetimenti ya M-PESA nimeiomba, kila mmoja aje na simu yake yenye meseji alizonitumia. Minong'ono hunenepa katikati ya siku ambazo mtu ananyamaza, na wewe umeshanyamaza wiki nzima.

Siku yenyewe, chapa stetimenti nakala mbili. Moja ikae kwa mwenyekiti, nyingine mkononi mwa mwanachama ambaye si rafiki yako, naye ndiye asome mistari kwa sauti. Wewe kaa kimya uandike. Kila mama akitajwa, aangalie namba ya risiti kwenye simu yake. Itachukua muda, pengine magharibi itawakuta mngali kwenye Mei. Pikeni chai.

Na daftari lirudi siku hiyohiyo. Safu tano tu: tarehe, jina, kiasi, namba ya risiti, na sahihi ya mtu wa pili. Kila mwisho wa mwezi omba stetimenti, uchape, uibandike humo. Tableti mwaweza kuendelea nayo kwa ile skrini kubwa, lakini laini ya chama isikae kwenye kifaa ambacho mtoto hufanyia kazi ya shule.

Ukipata stetimenti ukakuta mstari usioeleweka, niandikie kabla ya Jumapili. Nikopie maelezo ya mstari huo tu, na uzifiche nambari za wenzako.

Ami